Shimo la Wajawazito

Kinywa kilisema "hai" mchana, jua likiwa utosini, na kabla Milembe hajavua glavu zake kijiji kizima cha Mwabulutu kilikuwa kimeshajua. Nani aliyekimbia kuwaambia? Wala usiulize. Habari ya namna hiyo haingoji mjumbe. Vigelegele vilianzia kwenye nyumba za karibu na korongo, vikapokelewa huko mbele, vikapanda hadi kwenye mazizi ya juu, na mwishowe Mwenyekiti Shigela mwenyewe akaja anakimbia, mtu mzima na tumbo lake, kofia mkononi.

"Hebu rudia, mwanangu," alisema huku anahema. "Nisikie kwa masikio yangu."

"Ardhi ya Mwabulutu ni hai, baba," Milembe alisema. "Mvua itabaki. Hamhami."

Mzee wa watu akakaa chini papo hapo, kwenye vumbi, akalia mbele ya watu bila kuona haya.

Mwache alie, na wewe ungelia. Dunia ilikuwa imechemka. Joto lilikuwa limepanda hadi pale lilipofika mara ya mwisho miaka milioni tatu iliyopita, binadamu hajawa binadamu, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nchi ipi itanyeshewa na ipi itakauka. Hakuna mtu, ila udongo. Chini ya mashamba ya leo umelala udongo wa zama zile, umefunikwa, umegeuka nusu jiwe, na ndani yake kila kitu kimebaki: njia za mizizi iliyooza zamani, vijumba vya mchwa, nyufa za kiangazi zilizojaa mchanga. Wataalamu waliuita tabaka la joto. Kama palinyesha wakati ule, patanyesha na sasa. Kama palikauka, ndugu yangu, funga virago.

Mashine ya kuusoma udongo huo ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Kinywa, kwa sababu udongo uliingia upande mmoja na neno likatoka upande wa pili. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu. Waliosomewa "hai" walibaki kwao, wakachimbiwa mabwawa, wakapewa mbegu, na bomba lililowaletea maji kutoka Ziwa likaondolewa kidogo kidogo, maana nchi yao ingewalisha yenyewe. Waliosomewa "mfu" walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Nyanda za Juu, familia hii huku, ile kule, na bomba lao likafungwa siku hiyo hiyo. Ziwa lilikuwa limebaki nusu, lisingewatosha wote. Na huko Nyanda za Juu nako nafasi zilikuwa ukingoni. Mwezi ule ukiisha, mlango ungefungwa, na asiyekuwemo basi tena.

Kwa kawaida msomaji wa udongo hatumwi kijijini kwao. Aliyepangiwa Mwabulutu aliugua, Milembe akajitolea, na wakubwa wake hawakuuliza alizaliwa wapi. Alikuwa ameondoka kijijini akiwa msichana mdogo, kwenda shule, kisha chuo, kisha kazi, na alikuwa akirudi kwa misiba tu. Safari hii alirudi na hofu njia nzima.

"Nilikwambia," alisema Haule, fundi wake wa kuchimba, Mngoni mwenye maneno mengi aliyekuwa akiipangusa mitambo. "Ninyi Wasukuma hata ukame unawaogopa, mnakula sana."

Milembe alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakujua hasa yalikuwa ya nini. Haule hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa amechagua mahali tambarare ukingoni mwa korongo, pale ambapo mmomonyoko umelileta tabaka la joto karibu na juu, na kabla ya kushusha bomba lake la kuchimbia aliwauliza wazee wote wa kijiji kama ardhi hiyo imewahi kuchimbwa. Wazee waliapa kwamba haijawahi kuguswa na jembe tangu babu zao. Nao walisema kile walichokijua.

Mama yake Milembe, Mayu Holo, hakupiga vigelegele. Alikuja polepole, akaushika uso wa mwanawe kwa viganja viwili.

"Baba yako yuko pale zizini tulipomzika," alisema. "Amelala vizuri. Nilikuwa siwezi kula kwa kuwaza nani atabaki naye."

*

Kesho yake asubuhi Nkwimba alikuja kumwamsha dada yake. Nkwimba alikuwa mdogo wake pekee, na mimba yake ilikuwa imeshuka, mwezi wa mwisho ule. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, wote wachanga, wote wakati wa kiangazi.

"Dada, nisindikize mahali," alisema. "Lete mikono yako, mimi siwezi kuinama tena. Na yule fundi wako asijue tunakwenda wapi."

"Kwani tunakwenda wapi?"

"Si nimesema asijue? Wewe twende."

Walishuka hadi ukingo wa korongo, Nkwimba mbele kwa mwendo wa bata, Milembe nyuma na kijembe na kibakuli cha bati. Walipofika, Milembe akashangaa, maana mtambo wa Haule ulikuwa pale pale, hatua chache tu.

"Mimi sijawahi kuletwa huku," alisema.

"Utaletwaje na hujabeba? Huku wanaletwa wenye mimba," Nkwimba alijibu, kisha akaikumbuka ile mimba ya dada yake iliyotoka huko mjini, akajishika mdomo. "Nisamehe, dada. Ulimi huu."

"Hayajaharibika," Milembe alisema, ingawa yalimuuma. "Nionyeshe nichimbe wapi."

Aliondoa udongo wa juu, mweusi, akaufikia mwingine wenye rangi ya matofali mabichi. Harufu iliyotoka ilikuwa ile ya mvua ya kwanza, na Milembe, aliyeshika udongo wa zama zile kila siku kwa glavu na koleo za maabara, akagundua kwamba hajawahi kuunusa hivi. Hili lilikuwa ndilo tabaka la joto. Wanawake wa kwao walikuwa wanalila!

"Hivyo vyeupe vitoe," Nkwimba alielekeza, amekaa juu ya jiwe na miguu mbele. "Vyote. Usiache hata kimoja."

Vilikuwa vijiwe vya chokaa, saizi ya karanga, vimejaa udongoni tele. Milembe alivichambua kimoja kimoja. "Kwa nini visibaki?"

"Vinavunja meno. Halafu kijiwe kikirudi shimoni, mtoto naye anakuwa mgumu kutoka. Vitupe korongoni, mbali. Haya, jaza kibakuli, uliobaki rudisha wote, ushindilie kwa miguu mpaka pasijulikane. Shimo likiachwa wazi lina mtu linayemngoja."

Milembe alirudisha, akashindilia. Alikuwa amefika katikati ya kazi hiyo miguu ilipokoma yenyewe. Aliinua macho akaangalia kile kifuniko cha njano Haule alichokiweka juu ya tundu lake la kuchimbia.

"Nkwimba. Pale penye kifuniko palishawahi kuchimbwa?"

Nkwimba alicheka, mdomo umejaa udongo. "Pale? Pale pamechimbwa na mama zetu wote. Mayu mwenyewe alichimba pale mimba yako ilipokuwa changa. Sisi tumesogea huku kwa sababu pale udongo mtamu umekwisha. Kwani mashine yenu haikuona?"

"Haikuona," Milembe alisema. Akachuchumaa.

Ni hivi. Mvua inapozama ardhini huyeyusha chokaa na kuishusha nayo. Ikiwa mvua ni nyingi, chokaa hushuka mbali sana au huoshwa yote ikaenda zake. Ikiwa haba, maji hukauka kabla hayajafika mbali, na chokaa hugandia hapo hapo karibu na juu, vijiwe vyeupe kama vile. Hicho ndicho kitu cha kwanza Kinywa kinachotafuta: vijiwe viko wapi, na ni vingi kiasi gani. Jana kililishwa udongo uliochambuliwa na vidole vya wajawazito vizazi na vizazi. Hakikukuta kijiwe hata kimoja, kikasema zama zile mvua zilikuwa tele. Jivu la volkano lililoko chini zaidi, ambalo ndilo hutaja umri, lilikuwa mahali pake, maana hakuna mjamzito aliyechimba hadi huko. Na udongo wenyewe ulikuwa umeshindiliwa kwa imani, mchwa na mvua wakaushona upya, hata Haule na macho yake yote asione mshono.

Wazee hawakusema uongo. Jambo hilo mwanaume haambiwi. Na kati ya wanawake waliojua, nani angekwenda kumweleza fundi Mngoni kwamba hapo ndipo wanapokula udongo?

"Dada, una nini?" Nkwimba aliuliza. "Umekuwa wa majivu."

"Jua," Milembe alisema. "Ni jua tu."

*

Alimwambia Haule yote. Haule alisikiliza huku anakuna ndevu, kisha akauhamisha mtambo kwenye ardhi ngumu mbali na ukingo, pale ambapo hata mwanamke mwenye nguvu asingechimba, akatoa ndani ya bomba mche mpya wa udongo, mrefu kama wa sabuni.

Hakukuwa na haja ya Kinywa. Milembe aliulaza mche kwenye kihori chake, akaupasua kwa waya, akaona kwa macho yake. Vijiwe vyeupe vilianza juu kabisa, vimesongamana. Chini yake nyufa pana, zile za ardhi inayopasuka kiangazi kirefu na kujaa mchanga wa upepo. Njia za mizizi zilikuwa nyembamba na fupi, za nyasi, hakuna hata mti mmoja. Akilini aliiona nchi ya zama zile, nyeupe yenye upepo, mnyama mmoja mmoja anapita haraka kwenda kwingine. Hata hivyo alikilisha Kinywa, kwa sababu moyo wa mtu haukati tamaa hata macho yakishaona. Kinywa kilisaga, kikanyamaza, kikasema "mfu."

"Sasa nisikilize, dada Milembe," Haule alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Usomaji wa jana umeshatumwa. Huu wa leo haupo. Mimi nitaumwaga huu udongo korongoni na nitasahau. Hawa watu wamekesha wanacheza ngoma."

"Na mvua zikigoma?"

"Zitagoma polepole. Miaka mingi. Labda kutazuka jambo jingine."

"Bomba litakuwa limeshaondolewa, Haule. Nyanda za Juu pameshajaa. Watakwenda wapi?"

Haule alichukua kitambaa akaanza kupangusa chuma ambacho kilikuwa safi.

"Sheria inataka mambo mawili ndipo usomaji utenguliwe," alisema mwishowe. "Msomaji mwenyewe akiri, na mtu wa mahali ashuhudie hadharani kwamba ardhi ilichimbwa. Nani atakushuhudia? Unataka mwanamke asimame mbele ya wakwe zake aseme?"

Milembe alikwenda kwa Nkwimba. Alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, kile kibakuli cha bati mapajani, anamega udongo kidogo kidogo anakula. Akakaa karibu naye akamweleza, na alipomaliza Nkwimba aliendelea kutafuna kwa muda.

"Nyamaza," Nkwimba alisema. "Nakuomba, dada yangu wa tumbo moja. Nyamaza."

"Mwezi ukiisha hakuna tena nafasi. Mtoto huyu atakua, atakuwa kijana, atakosa maji ya kunywa. Unanielewa?"

"Wewe ndiye hunielewi." Nkwimba alikishika kibakuli kwa mikono miwili. "Wanangu Kashinje na Ngolo wamelala pale chini ya mti wa mnyaa. Udongo uliowala wanangu ndio huu nakula mimi ili huyu asimame. Niuache? Niende kuzalia juu ya lori, niamkie kwenye baridi, kwa watu ambao hata salamu yao siijui? Wewe ulishaondoka. Kwako kuondoka ni rahisi."

"Si rahisi."

"Basi usiseme!"

Alilia kwa sauti, na Milembe akalia naye, wameshikana, na kibakuli kikaanguka. Milembe alitamani sana kumpa mdogo wake neno moja la kumtuliza. Alichoweza kumwahidi ni kwamba jina lake hatalitaja.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, ambalo halikuwa limeona pamba tangu Milembe akiwa mdogo. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma karibu na mlango. Wengi walikuja na nyuso za sherehe, wakidhani wanakuja kugawiwa mbegu.

Milembe alisema yote bila kuzunguka. Alieleza vijiwe, alieleza mche wa pili, akaeleza kwamba pale penye mtambo palikuwa pamechimbwa na kufukiwa mara nyingi. Hakusema na nani, wala kwa ajili gani.

Shigela alisimama. "Mwanangu, wewe tunakuheshimu, umesoma. Lakini ardhi ile ninaijua mimi. Baba yangu aliijua. Haijachimbwa!"

"Haijachimbwa!" wanaume wakaitikia.

"Kama ipo mikono iliyochimba, isimame. Iko wapi? Nani alichimba?"

Nyuma, wanawake waliangalia sakafu. Vichwa vyote chini, vilemba tu. Nkwimba alikuwa ameegemea ukuta, mikono imefunika tumbo. Ukimya uliendelea, na Milembe akahisi kitu ambacho baadaye kilimtia aibu: alianza kupata nafuu. Asiposimama mtu, sheria imekwisha. Atakuwa amesema, atakuwa amefanya lake, na watabaki, na kosa si lake. Aliomba moyoni asisimame mtu yeyote.

Mayu Holo akasimama.

Hakuharakisha. Alijifunga khanga yake upya kiunoni, akapita katikati ya wanaume hadi mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Nilichimba mimi," alisema. "Mimba ya huyu hapa ilikuwa inanitapisha, mama mkwe wangu akanipeleka. Naye alipelekwa na wake. Mkeo alichimba, Shigela. Na mama yako alichimba kabla wewe hujatoka tumboni mwake. Mnaniuliza mikono iko wapi? Ninyi nyote mmejengwa kwa udongo wa pale, na vile vijiwe tulivitupa sisi."

"Holo!" mwanamke mmoja alipiga kelele nyuma. "Umetuvua nguo!"

"Nimewavua," Mayu Holo alisema. "Nivueni na mimi. Lakini watoto wasife kiu kwa sababu mama zao waliona haya."

Shigela alijifunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyesema tena haijachimbwa. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, na waliopita karibu na Mayu Holo walikwepesha mabega wasimguse, hata wale aliowazalisha kwa mikono yake.

*

Malori yalikuja baada ya wiki moja. Nkwimba alipewa nafasi mbele, karibu na dereva, kwa ajili ya hali yake. Milembe alimshikilia mkono kumpandisha, na Nkwimba alikubali mkono huo kwa sababu asingeweza kupanda bila kushikwa. Kisha akaufunga mlango, akatazama mbele. Hakumtukana dada yake, hakumuaga.

Kazi ya mwisho ya msomaji katika kijiji mfu ni kumuuliza kila mtu mzima swali moja, kwa kinywa chake mwenyewe: unaondoka au unabaki? Sheria haimlazimishi mtu. Wote walijibu wanaondoka, wengine kwa kuitikia kichwa tu. Milembe alimwacha mama yake wa mwisho, akidhani anajipunguzia kazi.

Alimkuta bombani, na ndoo mbili.

"Mayu, unaondoka au unabaki?" alisema haraka, akiwa ameshageuza uso kuyatazama malori.

"Ninabaki."

Milembe alirudi kumtazama. "Mayu, huu si wakati wa utani."

"Nani anatania? Baba yako yuko zizini. Watoto wa Nkwimba wako chini ya mnyaa. Hawawezi kubaki peke yao wote hao."

"Wewe ndiye uliyesema! Ulisimama mbele ya watu ukasema!"

"Nilisema ili Nkwimba aende," mama yake alijibu taratibu. "Sikusema mimi naenda."

Milembe aliongea maneno mengi. Alimwambia kuhusu kiu, jinsi inavyoua, alimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mama yake. Alimwambia kwamba angemfunga kamba ampakie. Mayu Holo alisikiliza yote, ndoo ya kwanza imejaa, anaisogeza anaweka ya pili.

"Utakunywa nini?" Milembe alisema, sauti imekwisha.

"Nitakunywa kilichopo."

"Na kikiisha?"

"Kitakuwa kimeisha, mwanangu."

"Ningejua utabaki, nisingefungua mdomo. Wallahi nisingesema hata neno."

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema Mayu Holo.

Haule alikuwa amesimama kando na ile spana kubwa ya kufungia bomba kuu, anatazama ardhi. Dereva wa lori la mbele alipiga honi mara moja, kwa adabu. Haule akapiga hatua. "Nitafunga mimi, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe nenda ukapande."

"Hapana, baba," Mayu Holo alimwambia. "Asante, lakini hapana. Mwanangu, funga wewe. Kazi hii usimpe mtu baki."

Milembe aliipokea spana, akaipachika kwenye gurudumu la bomba. Lilikuwa na kutu na halikutaka, ikabidi alisukume kwa mikono miwili na kwa uzito wa mwili wake wote, huku analia waziwazi, kamasi zinamtoka. Maji yalipungua. Yakawa uzi, yakawa matone. Mama yake aliinama akisubiri, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo, hadi tone la mwisho lilipoanguka ndani yake.

Kisha alisokota kata ya khanga, akaiweka kichwani, na Milembe akamsaidia kuinua ndoo kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mayu Holo akamwambia asante, kama anavyomwambia mtu yeyote aliyemtwika bombani, akaichukua na ile nyingine kwa mkono, akaenda zake nyumbani.